Kitako cha Kopo

Kopo langu la kupimia maharage
nililinunua kwa mama mmoja wa Birere,
kitako chake kimeshagongwa nyundo kuingia ndani,
kidogo tu, kina cha kifundo cha kidole.
Mimi sikugonga. Nilikuta hivyo.
Hiyo ndiyo sauti ya kwanza, naijua:
ina mdomo wangu, imevaa kitenge changu,
ikianza kusema, ungeapa ni mimi.

Soko la Virunga halikosi sauti.
Mutume Byamungu ana bafle mbili juu ya mawe meusi.
Tangu saa moja asubuhi ananiita:
"Kuna mama hapa, muuza nafaka,
adui amefunga biashara yake,
alete mbegu ya dola ishirini, afunguliwe!"
Nilitetemeka. Hata Kahambu wa nyanya alinitazama.
Kumbe wauza nafaka pale tuko thelathini na wanane,
na sote tulikuwa tumeshika kifua.

Masika, dada yangu, kwa telefone kutoka Butembo:
"Kila mtu anagonga kopo lake.
Au watoto wako watakula utakatifu na sombe?"
Huyu ananipenda. Alinilipia karo ya mtoto.
Ndiyo maana sauti yake ni nzito kuiweka chini.

Usiku, mvua ikipiga mabati ya Ndosho,
huja nyingine. Hii haina biashara.
Inahesabu.
Inaanzia mwaka ule mlima ulipowaka,
tulipokimbilia Sake, godoro kichwani,
na bibi Vumilia akaniita nyuma ya ukuta,
nikasikia,
nikaendelea.
Bibi alitoka mzima, mjukuu alimbeba.
Alishanisamehe; chai tumekunywa naye mara ngapi.
Sauti hiyo haitaki habari za chai.
Inasema: wewe ni yule yule.
Na kwa kuwa inasema Kiswahili cha kanisani, polepole,
miaka mingi nilidhani ni Bwana.
Nimeijua kwa jambo moja:
haijawahi kuniomba nifanye kitu.
Inataka tu nibaki chini.

Moto ulifika Buhene ukasimama.
Ardhi ilitikisika siku kadhaa, kuta zikapasuka.
Mimi humo sikusikia neno.

Nilisikia Jumanne, mchana wa vumbi,
nikichambua mawe kwenye maharage.
Mtoto alikuja na faranga zilizolowa jasho,
nikamjazia kopo, nikalisawazisha kwa kiganja,
naye akatazama ndani ya mfuko, si usoni kwangu,
midomo ikicheza,
kama anayehesabu watu walioko nyumbani.
Ndipo.
Haikuwa kubwa. Haikuniita mwizi.
Haikuniahidi wateja.
Ilisema neno la fundi:
Geuza kopo.

Nilibishana nayo hadi saa kumi.
Nilimtaja mama wa Birere, nilitaja karo,
nilitaja bei ya gunia tangu barabara ifungwe.
Haikujibu, haikurudia.
Ilingoja kama mtu aliyekaa mlangoni na muda anao.

Nikaazima nyundo kwa Muhindo, mchonga chukudu.
Akauliza ninatengeneza nini.
Sikujua la kumwambia.
Mapigo matatu kutoka ndani,
kitako kikatoka kwa mlio wa kipuuzi,
kama kuku aliyekanyagwa.
Kahambu alicheka mpaka akashika nyanya zake zisiporomoke.

Sasa kila gunia linanipungukia makopo manne.
Masika bado sijamwambia.
Mutume jana alipandisha mbegu, dola ishirini na tano,
na mkono wangu, nakiri, uligusa kiuno
pale ninapofunga pesa.
Usiku ile ya kuhesabu ilirudi:
umechelewa miaka sita.
Nikasema, ndiyo, sita.
Nikageukia ukuta, nikalala.

Ile nyingine haijasema tena.
Lakini bati likishakunjwa halinyooki lote.
Nikiosha kopo jioni,
kidole kinapita juu ya kovu lake,
na hapo nanyamaza kidogo,
huenda ikawa na neno.